Siku Mikono ya Mama Ilifika Uganda

Asubuhi hii mdogo wangu Riziki alikuwa anamuandikia binamu yetu wa Uvira ku telefone. Akafika fasi ya kuandika é. Akaweka kidole juu ya e, akakiacha pale huku anatafuna muhogo, na herufi zote zikapanda zenyewe, zimejipanga sawa korali ya watoto: é, è, ê, ë. Akagusa moja, akaendelea. Mimi nilikuwa nashona kifungo. Nikasimamisha sindano.

"Da Neema, nini?"

"Hakuna."

"Unaniangalia sawa nimeiba."

"Andika tu, Riziki."

Yeye alizaliwa hapahapa kambini Nakivale, Uganda, na mambo mengine nimechoka kumueleza. Nikianza, ataniuliza maswali, na mimi sina moyo wa maswali. Basi naandika hapa, haraka, kabla chai haijapoa.

Nyinyi mliokulia kambini miaka yetu, jembe mnalijua, sitapoteza muda kulieleza. Shamba letu lilianza nyuma ya nyumba na kupanda kwenye mawe. Baba hakuwa nasi. Alikuwa Bwizibwera, anachunga ngombe za Munyankole mmoja na kupeleka maziwa fasi yanapokusanyiwa, na alikuwa anatutembelea mara mojamoja, na chupa ya mafuta ya ngombe mu mfuko. Basi jembe lilikuwa la Mama peke yake. Jioni alikuwa anaingia ndani, anakaa chini pale mlangoni kabla hata ya kuvua viatu, na hasemi kitu. Shitingi, ile plastiki ya paa, ilikuwa inapigwa na upepo, na sisi tulijifunza kungoja mpaka aanze mwenyewe kusema.

Watoto wengine walikuwa na hadithi za sungura. Sisi tulikuwa na hadithi ya masini. Kule Uvira, kwetu Kongo, kabla ya vita, Mama alikuwa daktilo mu ofisi ya kanisa. Kazi yake ilikuwa kuandika na masini.

"Ilikuwa ya chuma," alikuwa anasema. "Nzito kuliko weye, Neema. Pasteri anasema, miye naandika. Yeye akifunga kinywa, miye nimemaliza zamani, namungojea."

"Bila kuangalia vidole?"

"Daktilo anaangalia karatasi. Mwenye kuangalia vidole ni mwizi wa kuku."

Hapo alikuwa anacheka. Hapo tu. Njo maana tulikuwa tunamuuliza tena na tena.

Halafu Papa Furaha akafungua sekretaria, nyumba ya kuandikia watu karatasi, pale Misiera, mulemule kambini. Papa Furaha alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu, mtu wa tumbo na mzaha, tayari alikuwa na duka la kuchaji telefone. Sasa akaleta komputa moja, na masini ya kutolea karatasi, na jenereta nje yenye kunuka petroli. Akasema anatafuta mtu wa kuandika Kifaransa, juu makanisa yetu yote yalikuwa yanataka programu na matangazo, na mpwa wake aliyemuweka pale alikuwa anaacha herufi bila vile vijiti vya juu, halafu anavichora kwa biki. Kifaransa bila vijiti hivyo, Mama alisema, ni sawa mtu aliyetoka nje bila mkaja.

Aliniambia tukiwa tunapalilia maharage. Akasimamisha jembe. "Neema, nikipata ile kazi, jembe hili tutaliuzisha."

Mimi nilikuwa mdogo, lakini hilo nililisikia vizuri. Niliona jembe linaondoka. Niliona Mama anaingia jioni na viatu bila udongo, anasema mbele ya kuulizwa.

Siku ya kujaribiwa alivaa kikwembe cha Jumapili. Alisugua mikono na limau, udongo wa kwenye mipasuko haukutoka, akasugua tena. Tulifika Misiera, jenereta inalia. Mlangoni walikuwa wamejaa watu waliokuja kuchaji telefone, na watu wa kuchaji hawana kazi, wanaangalia kila kitu. Papa Furaha akampa programu ya zamani ya kanisa, ya Kifaransa. "Andika hii, Mama Neema. Tuone."

Mama akakaa wima. Akaweka karatasi upande wa kushoto. Akaweka vidole, akafunga macho kidogo, akafungua. Na akaanza.

Sijawahi kusikia sauti sawa ile. Ilikuwa mvua ya kwanza juu ya shitingi. Macho yake yalikuwa ku karatasi tu. Watu wakaacha telefone zao. Mmoja akasema, "Eh! Huyu mama!" Mwingine akasema, "Beko wapi basekretere ba Kampala?" Mimi nilisimama pale nimeshika mkoba wake, nimevimba sawa chura. Nilikuwa natafuta kwa macho mtu wa kumuuzishia jembe.

Papa Furaha akainama ku kioo cha komputa. Halafu bega lake likaanza kutikisika.

"Mama Neema," akasema, "hii ni Kifaransa ya fasi gani?"

Pale palipotakiwa kuandikwa *Chère église* paliandikwa *Ch7re 2glise*. *Madame* ilikuwa *:qdq;e*. Yote ilikuwa vile, mistari na mistari, namba zimeingia katikati ya maneno sawa mbuzi mu maharage.

"Hii saba inafanya nini mu kanisa?" Papa Furaha akauliza.

"Ameandika plake, namba za gari!" kijana mmoja akapiga kelele toka mlangoni, na wote wakaanguka kwa kucheka.

Mama kwa mara ya kwanza akaangalia vidole vyake. Akaangalia klavye, kile kibao cha herufi, kidude kimoja kimoja, sawa mtu anayehesabu watoto wake kisha anaona mmoja hayuko.

"Papa Furaha, klavye hii si ya kwetu. A iko fasi ya Q. M imehama. Na é haiko. Ç haiko. À haiko kabisa."

"Mama, hapa bote tulihama. Miye nilikuwa na duka mbili, magazini kabisa, Bukavu."

"Nakuambia ukweli. Kwetu, herufi—"

"Kwetu, kwetu! Kila mutu hapa, kwabo alikuwa shefu." Alisema bila ubaya, naweza kusema hivyo leo. Alisema huku anafuta machozi ya kicheko. "Enda salama, Mama Neema. Utarudia siku mikono yako itafika Uganda."

Tulirudi nyumbani na jina jipya. Watoto wa Misiera walianza kumuita Mama Plake.

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi. Habari ya herufi kuhama sikuishika hata kidogo. Herufi zinahamaje? Zinakimbia vita? Lakini ile ya mikono ilinikaa. Usiku ule niliangalia mikono ya Mama akiwa anakoroga bugali. Ilikuwa imepasuka, migumu, kidole kimoja hakinyooki. Nikakata neno mwenyewe: jembe njo limeiharibu. Ile mikono ya Uvira ilikuwa mizuri, jembe limeila. Ikipumzika, itapona, na ataandika.

Basi nikaanza kuamka mbele yake. Nilikuwa nachukua jembe lile refu kuliko mimi, naenda shambani, nalima mpaka mgongo unaniambia matusi. Mama akifika anakuta mistari imelimwa vibaya, mizizi iko juu. Alidhani nimeokoka. Alimuambia jirani, "Neema amebadilika, Bwana asifiwe." Na mafuta ya ngombe ya Baba, yale ya mboga, nilikuwa nayaiba kidogokidogo, jioni namwambia, "Mama, leta mikono." Naipaka, naisugua. Alikuwa ananiachia tu, juu ya kuchoka. Mpaka leo, harufu ile ya mafuta ya ngombe ikichanganyika na udongo, mimi nasikia mikono yake mizito juu ya magoti yangu.

Lakini mambo yalizidi kuharibika, nilivyoona mimi. Jioni akichagua maharage ku mkeka, nilimuona anayapanga mistari: moja juu, moja katikati, moja chini. Kisha anaweka vidole juu ya maharage na vidole vinaanza kugonga. Anagonga, midomo inasema pole pole, anakosea, anatikisa kichwa, anaanza tena. Niliogopa. Nilijua bibi mmoja wa block yetu ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka hivyo, akafa. Nikaongeza mafuta.

"Neema, mboga itakosa mafuta," akaniambia.

"Mboga haina kazi ya kuandika," nikajibu.

Akaniachia mikono tena. Sijui alielewa nini.

Siku moja tulipeleka mahindi sokoni Base Camp, na kurudi tukapitia Misiera. Ku sekretaria kulikuwa fundi, Muganda aliyekuja toka Mbarara kutengeneza ile masini ya kutolea karatasi. Papa Furaha hakuwapo. Mama akasimama mlangoni na kapu ku kichwa. Nilimvuta kikwembe tuende, juu niliogopa watatucheka tena. Hakusogea.

"Fundi," akasema, "é iko wapi ku klavye hiyo?"

Fundi alikuwa na wino mpaka ku pua. "Nyabo, hiyo hapa juu hapana iko."

"Basi haiko?"

"Iko. Ndani iko. Kuja." Akampa kiti, akamsogezea klavye. "Finya hii, Alt. Hapana acha, shika tu. Sasa namba za huku pembeni: moja, tatu, sifuri. Haya, acha."

Mama akaachilia, na é ikakaa pale ku kioo, na kijiti chake juu.

Mama alishika kinywa. "Inatoka wapi?"

"Yote iko ndani, mama. Inangojea namba yake tu. Si ninyi pia Base Camp mnangojea namba yenu, ndiyo mnapata posho? Herufi pia ni refuji."

Watu wakacheka, na safari hii Mama pia alicheka. Akaomba zingine. Fundi akazisema: è, ç, à, ê, kila moja na namba yake. Mama hakuwa na karatasi, na fundi alikuwa na haraka ya kurudi Mbarara. Basi Mama akafanya vile wamama wa korali wanafanya wakifundishwa wimbo mpya bila kitabu: aliingiza namba mu wimbo. Toka Misiera mpaka nyumbani alikuwa anaimba, kapu ku kichwa. "Cent trente, cent trente, é. Cent trente-huit, è. Cent trente-cinq, cent trente-cinq, ç." Namba sisi tunazihesabu kwa Kifaransa, hata sokoni; cent trente njo mia na makumi tatu.

Ungedhani mimi niliyekuwa pale nitaelewa. Lakini kile kioo sikukiona, nilikuwa nyuma ya kikwembe, nachunga watoto wasije kusema Mama Plake. Niliposikia anaimba namba shambani kila siku, nilijua kitu kimoja tu: kanisani nyimbo zinaitwa kwa namba. Nikachukua kitabu cha nyimbo. Ya mia na makumi tatu ilikuwa ya mazishi. Nikakifunga. Kesho yake nikajikaza, nikatafuta ya mia makumi tatu na nane: ya Noeli. Ile nyingine ilikuwa ya mavuno. Kufa, kuzaliwa, kuvuna. Nililala na hayo mu kichwa, nikalima nayo asubuhi.

Konferensi kubwa ya makanisa ilipokaribia, pasteri wetu alirudisha programu za Papa Furaha zote, na vijiti vyake vya biki. Alisema mbele ya watu kwamba Mungu hasomi karatasi yenye kuchorwa kama ukuta wa choo. Mama alisikia. Jumatatu akavaa kile kikwembe cha Jumapili, akanishika mkono, tukashuka Misiera.

"Papa Furaha," akasema, "mikono imefika."

"Mama Plake!" mtu akasema nyuma.

"Njo miye. Nipishe."

Akakaa. Hakuwa wima sawa siku ile. Vidole vilienda pole, kimoja kinangoja kingine, sawa watu wanaovuka mto na watoto mgongoni. Akifika ku é, mkono wa kushoto unashika Alt, wa kuume unasafiri mpaka ku namba, unagonga, yote miwili inaachilia, halafu inarudi fasi yake. Midomo inasema, cent trente. Hakukuwa na mvua juu ya shitingi. Kulikuwa na matone.

Papa Furaha alisoma mpaka chini. *Chère église.* Akajikuna kichwa.

"Si mbio sawa ile siku," akasema.

"Ile siku nilikuwa na mbio, ulinifukuza."

"Eh, Mama Neema. Kesho uje asubuhi."

Jembe tuliliuzisha kwa jirani. Mimi nilitembea block nzima nimeinua kidevu, juu nilijua siri ambayo hata Mama haijui: ni mafuta yangu yaliyoponya mikono.

Miaka ikapita pale. Mama alikuwa anaingia jioni na viatu safi, kweli. Lakini bado alikuwa anakaa chini pale mlangoni kabla ya kuvivua. Bega la kushoto lilikuwa linamuuma, na kidole gumba cha kushika Alt kilikuwa kinakauka asubuhi mpaka akiweke mu maji ya moto. Kifaransa kina é mingi, nani alijua? Programu, matangazo, barua za watu, kila é ni safari. Mimi niliendelea kumpaka mafuta, sasa kwa mazoea tu.

Halafu nikaenda sekondari Mbarara. Kulikuwa na chumba cha komputa, tunakaa watatu ku moja. Siku moja wavulana wa nyuma walifanya uhuni, wakagusagusa kitu mbele ya mwalimu kuingia. Tulipoanza kuandika, darasa lote likapiga kelele. Anayetaka a anapata q. M imekimbia. Mimi nilitaka kuandika mbili, ya tarehe tu. Nikagusa 2.

Ikatoka é.

Bila Alt. Bila kushika kitu, bila kungojea namba. Nikagusa 7: è. Nikagusa 9: ç. Wenzangu walikuwa wanacheka, mimi masikio yalikuwa yameziba. *Ch7re 2glise.* Niliiona ku kioo cha Papa Furaha, nikaisikia ile mvua, mistari na mistari, na kwa mara ya kwanza nilijua kusoma kile Mama alichoandika siku ile. Hakukuwa na kosa hata moja.

Mwalimu aliingia, akaangalia, akapiga mwayo. Akagonga fasi mbili tatu ku komputa yetu, akatoa klavye ya Kifaransa, akarudisha ya Kiingereza. Mambo yakawa sawa mbele hata ya yeye kumaliza mwayo.

"Mwalimu," nikauliza, "hiyo Kifaransa iko mu komputa gani?"

"Zote," akajibu kwa Kiingereza, bila kunigeukia. "Zinatoka nayo dukani."

Zote. Basi hata ile. Toka siku ya kwanza, chini ya kicheko cha Papa Furaha, ilikuwa mule ndani, imekaa kimya. Fundi naye hakujua, ama alijua na hakuulizwa. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua ni ya nani, na hasira isiyo na mtu inachosha kuliko jembe.

Likizo ilipofika sikupitia hata nyumbani. Nilienda Misiera na mzigo wangu mgongoni. Mama alikuwa ku kiti chake, mbele yake mzee mmoja anangoja tangazo la harusi ya mtoto wake.

"Mama, nipishe kidogo."

"Salamu hakuna?"

"Shikamoo, Mama. Nipishe." Nikagonga zile fasi mbili tatu, vile niliiba kwa macho. "Sasa kaa. Andika sawa Uvira. Angalia karatasi tu. Usiangalie kitu."

"Neema, mzee anangoja."

"Mama, nakuomba."

Labda aliona uso wangu. Akakaa wima. Akafunga macho kidogo, akafungua. Vidole vikaanza.

Nikaangalia kioo. *?qdq,e.* Mistari ikaja, yote imevurugika, safari hii kwa upande wa pili. Alipofika ku é, mkono wa kushoto ulienda wenyewe ku Alt, wa kuume ukasafiri, midomo ikasema cent trente.

Nikamshika mkono. "Mama, haiko kule tena. Iko hapa. Gusa mbili."

Akagusa. é.

Akaiangalia sana. Akagusa tena. Tena. Jenereta ilikuwa inalia nje. Mzee wa harusi alikohoa.

"Ilikuwa humu?"

"Toka siku ya kwanza. Mikono yako haikukosea, Mama. Ni masini haikuambiwa."

Nilingoja acheke, ama alie, nilikuwa nimeandaa mambo mengi ya kusema. Nikasema, "Utazoea tena. Ni kurudi tu. Itakuwa mbio sawa zamani, bega litapona."

Alinyoosha vidole juu ya meza, akaviangalia vyote, sawa vile aliviangalia siku ile ya kuchekwa.

"Neema, mikono hii nimeikimbiza mara moja, ikafika Uganda," akasema. "Mara ya pili sitaweza. Rudisha vile ilikuwa. Mzee anangoja."

Nikarudisha. Ilichukua muda mdogo kuliko kikohozi cha mzee. Nikakaa juu ya mzigo wangu pale mlangoni, bila kuvua viatu, nikamsikiliza akiandika harusi ya watu, pole, tone kwa tone, cent trente, cent trente.